Programu nilizozifuta na zile nilizobaki nazo

Mwaka 2013 mama mmoja wa Chumbageni aliniletea memori kadi iliyofungwa kwenye pindo la leso. Alihitaji video moja tu iliyokuwemo: marehemu mumewe akimpa nasaha binti yao siku ya ndoa, imerekodiwa kwa simu ya vitufe. "Mwanangu, nataka isome kwenye TV," akaniambia. "Na uikuze kidogo, kwenye simu sura haionekani." Nikamwambia apite jioni.

Duka langu lilikuwa na mwaka mmoja, pale Ngamiani, mjini Tanga. Stationari ya kawaida: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kuingiza nyimbo kwenye flashi. Kwenye kompyuta nilikuwa na programu ya kubadili mafaili niliyoipakua bure, na niliichagua kwa sababu moja ambayo mpaka leo inaniuma: ilijitangaza kwamba inabadili mafaili ya aina mamia. Niliona wingi ndio ubora. Nikaingiza ile video, nikachagua alama iliyoandikwa HD, nikabonyeza, nikarudi kwenye fotokopi. Ilipomaliza, faili la megabaiti 3 lilikuwa limefika zaidi ya megabaiti 100. Nikafurahi, nikidhani picha imeongezeka ubora. Kadi yenyewe ilikuwa ikileta ujumbe wa hitilafu kila nikiichomeka, basi nikaifomati, nikaweka video mpya humo humo.

Jioni tukaifungua pamoja. Katikati ya picha, usoni kabisa pa mzee, palikuwa na maandishi makubwa yenye jina la ile programu, yakinitaka nikanunue leseni. Sauti ilikuwa imetangulia, mdomo unafuata nyuma. Mama alitazama mpaka mwisho, hakugomba. Akauliza tu, "Hayo maandishi hayatoki?"

Nikasema yatatoka, anipe siku mbili. Hayakutoka. Maandishi yakishachapwa juu ya picha yanakuwa sehemu ya picha, na kilichokuwa chini yake hakipo tena. Nikajaribu programu za kurudisha mafaili yaliyofutwa, zikaniletea vipande visivyofunguka, kwa kuwa nilikuwa nimeandika video mpya palepale ilipokuwa ya zamani. Sikumtoza hela. Niliumwa na jambo lile kwa miezi, na kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilianza kukitafuta kuanzia siku ile.

Aliyenifungua macho alikuwa kijana aliyeendesha kibanda cha kuonyesha video mtaa wa pili. Siku moja alileta filamu kwenye flashi, picha inaonekana kwenye TV lakini haitoi sauti. Nikamwambia kwa uhakika, "TV hii haipendi MKV, niachie niigeuze iwe MP4, saa mbili hivi." Akaniuliza kama nimeangalia kilichomo. Sikumwelewa. Akaniwekea programu ndogo iitwayo MediaInfo, ya bure, isiyobadili chochote. Unaitupia faili, inakuorodheshea yaliyomo: picha ni ya aina gani, upana na urefu wake, sauti ni ya aina gani, inatumia biti ngapi kwa sekunde. Pale ikaandika picha ni H.264, sauti ni DTS. TV haikuwa na ugomvi na MKV hata kidogo, wala na picha. Ilishindwa sauti peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba MKV, MP4, AVI na MOV ni makasha. Jina kamili la MKV, Matroska, limetokana na wale wanasesere wa mbao wa Kirusi wanaowekwa mmoja ndani ya mwingine. Ndani ya kasha mna picha iliyobanwa kwa kodeki yake, yaani njia ya kubana na kufungua kama ile H.264, na sauti iliyobanwa kwa kodeki yake. Mteja akikuambia "hii haisomi", tatizo linaweza kuwa kwenye kasha, au picha, au sauti, na tiba ya kila moja ni tofauti. Kasha likiwa ndilo tatizo, unahamisha vilivyomo kama vilivyo kwenda kasha jingine, hakuna kinachopotea, na kazi inakwisha kwa sekunde chache. Picha ikiwa ndiyo tatizo, inabidi ifunguliwe na kubanwa upya, na hapo lazima kitu kipotee. Kwa mtu mwenye mashine ya fotokopi hili halihitaji maelezo marefu. Toa kopi ya kopi ya kopi, utaona herufi zinavyovimba na mihuri inavyogeuka madoa. Kuchagua karatasi kubwa zaidi hakurudishi kilichopotea, na alama yangu ya HD ilikuwa ndiyo hiyo karatasi kubwa.

Programu zangu zote za wakati huo zilikuwa hazijui kuhamisha kasha. Au zilijua, ila kitufe kilifichwa mahali nisipokiona. Zilibana upya kila kitu, hata kile kisichohitaji. Ndiyo maana filamu moja ilichukua saa mbili, feni ya kompyuta ikilia, na umeme ukikatika dakika ya mwisho unaanza upya.

Yule kijana akaniandikia mstari mmoja kwenye karatasi, nikaubandika ukutani juu ya kompyuta. Upo mpaka leo, karatasi imegeuka rangi ya chai:

ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac filamu.mp4

Maana yake: chukua filamu.mkv, picha iache ilivyo, sauti ibadili iwe AAC, aina ambayo TV nyingi zinaisoma, weka kwenye kasha la MP4. Filamu nzima ilimalizika kabla sijamaliza kutoa kopi za vyeti vya mteja aliyekuwa anasubiri.

FFmpeg haina vitufe. Ni dirisha jeusi unaloliandikia amri, na nakiri lilinitisha kwa wiki kadhaa. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na tangu hapo wanaiendeleza watu wengi, bure, na msimbo wake uko wazi. Kilichonimaliza hofu ni jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilifungua folda la programu moja ya kulipia, ile ambayo watu wa mtaani walikuwa wakiuziana nakala zake zilizovunjwa leseni, nikakuta ndani mafaili yenye majina avcodec na avformat. Hayo ni maktaba za FFmpeg. Kazi nzito yote ilikuwa ikifanywa na kile kitu cha bure nilichokiogopa, na juu yake wamepaka rangi na kuweka vitufe. Simlaumu anayeuza vitufe vizuri, maana vitufe navyo ni kazi. Ila tangu siku hiyo nikaacha kupima programu kwa sura.

Na nikaacha zile nakala zilizovunjwa. Moja niliyopewa na rafiki kwenye flashi ilikuja na kile kirusi cha shotikati. Wote waliokuwa na kompyuta za kazi miaka ile wanakikumbuka: folda za mteja zinatoweka, pamebaki vishale tu vyenye majina ya folda zile. Kwa siku nzima kila flashi iliyoingia dukani kwangu ilitoka mgonjwa. Wateja wa chuo walirudi na kazi zao za mtihani zimefichwa, mmoja analia. Mafaili hayakuwa yamefutwa, yalifichwa tu, na nilikesha nikiyafichua moja baada ya jingine. Heri programu ya bure ya watu waliokusudia iwe bure, kuliko ya kulipia iliyopasuliwa na mtu usiyemjua.

Hata ya bure, niichukue kwa wenyewe. Mwezi Mei 2017 wadukuzi waliingia kwenye moja ya seva za kupakulia HandBrake, programu ya bure ya kubana video upya, wakabadilisha faili la watumiaji wa Mac wakatia programu ya wizi, na lilikaa hapo siku kadhaa kabla ya kugunduliwa. Kompyuta yangu ni ya Windows, sikuguswa, lakini habari ile ilinifundisha kulinganisha ile namba ndefu ambayo waundaji huichapisha pamoja na faili na ile inayotokana na faili nililolipakua. Herufi moja ikitofautiana, faili silifungui.

HandBrake yenyewe ninaipenda, na ndiyo ninayompa kijana anayenisaidia dukani. Ilianza mwaka 2003, na toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2016, miaka 13 baadaye. Ina dirisha la kawaida, inatoa MP4, MKV au WebM, na basi. Haijinadi kwa mamia ya aina. Kazi yake kubwa kwangu ni DVD za harusi. Tanga kuna makabati yamejaa DVD za mwaka 2005, 2008, 2010, zimeanza kuchakaa, na deki za kuzichezea hazipatikani kwa urahisi madukani. Ndani ya DVD picha ni MPEG-2, upana 720 na urefu 576, imekatwakatwa kwenye mafaili ya VOB ya gigabaiti mojamoja. HandBrake inayasoma yote kama kitu kimoja. Kuna mambo mawili ninayasimamia pale. La kwanza ni ile mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akitembea, kwa sababu kamera za zamani zilirekodi kila picha kwa nusu mbili. Lazima uwashe kichujio cha kuiondoa, ukisahau, biharusi akigeuza shingo anageuka chanuo. La pili ni namba ya ubora.

Namba hii watu wengi huipita bila kuitazama, nami nitakaa nayo kidogo. Kwa H.264 inaanzia 0 hadi 51, na inakwenda kinyume na unavyotarajia: ndogo ndiyo bora. Ukiongeza 6, ukubwa wa faili unapungua karibu nusu. Mimi DVD ya harusi naiweka 20, wakati mwingine 19 kama ni ya usiku na taa hafifu. Video ya simu ya kutuma kwa watu naiweka 24 au 25. Uzuri wa kupima hivi ni kwamba unaiambia programu ubora unaoutaka, yenyewe inaamua sehemu gani ihitaji biti nyingi. Ngoma ya vanga, watu wamejaa uwanjani, kanga zinapepea, inatumia biti nyingi. Shehe amekaa anasoma hotuba ya ndoa, inatumia chache. Programu inayokupa vitufe vya "Chini, Wastani, Juu" bila namba yoyote nyuma yake siiamini, sijui "Juu" yake inafika wapi.

Video za simu zina tabia yake. Simu hairekodi idadi ileile ya picha kila sekunde, inapunguza na kuongeza kulingana na mwanga. Ukiipeleka hivyo kwenye programu ya kuhariri, sauti na mdomo vinaachana taratibu, mwanzoni huoni, dakika ya kumi mtu anafunga mdomo na maneno bado yanatoka. Kwenye HandBrake kuna mahali pa kulazimisha idadi moja isiyobadilika. Nimewaokoa wapiga picha wawili wa harusi kwa kitufe hicho kimoja. Na wenye iPhone, tangu mwaka 2017 simu zao hurekodi kwa H.265, ambayo TV nyingi za zamani hazisomi: unasikia sauti, kioo cheusi. Kabla ya kubadili chochote huwa namwambia mwenye simu aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayokubalika na vifaa vingi. Zijazo hatahitaji kuniletea.

Wakati mwingine hakuna cha kubadili kabisa. Mteja analalamika flashi ya gigabaiti 32 ni tupu lakini faili la gigabaiti 6 linakataa kuingia. Flashi imefomatiwa kwa FAT32, utaratibu wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili moja lililozidi gigabaiti 4. Zamani ningelibana mpaka liingie. Siku hizi nauliza kwanza TV yake ni ya lini, maana TV mpya nyingi husoma flashi iliyofomatiwa kwa utaratibu usio na kikomo hicho.

Sauti ndiyo kazi ninayoifanya kwa moyo zaidi. Watu huleta kaseti: darsa za masheikh, taarabu za vikundi vya mtaani, maulidi ya nyumbani ambapo katikati unasikia watoto wanalia na mtu anasema "pisheni sahani". Naunganisha deki ya kaseti na kompyuta, narekodi kwa Audacity, programu nyingine ya bure, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Hapa kosa langu la zamani lilikuwa kurekodi moja kwa moja kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, halafu mteja akitaka "iliyo safi zaidi" namgeuzia iwe 320. Faili linakua mara mbili na nusu, sauti ni ileile. Sasa narekodi WAV, ambayo haibanwi, karibu megabaiti 10 kwa dakika, kaseti ya saa moja ni zaidi ya megabaiti 600. Hiyo ndiyo asili. Kutoka hapo natoa MP3 ya kusikiliza kwenye gari, maana redio nyingi za magari tuliyonayo zinaelewa MP3 na hazijui M4A. Mteja anaondoka na vyote viwili, na wale wasiotaka WAV kwa sababu inajaza flashi nawabembeleza. Kaseti hiyo huenda isicheze tena mara ya pili.

Kuna tovuti zinazokubadilishia faili bila kusakinisha chochote. Kwa wimbo mmoja, sawa. Lakini video ya harusi ya gigabaiti 2 upande nayo na ushuke nayo, bando limekwisha. Na kuna kitu kizito zaidi ya bando. Kuna bwana aliniletea sauti za WhatsApp za kikao cha mirathi, wakili wake alitaka MP3, kwani zile za WhatsApp huwa ni za aina ya Opus. Ndani wamo shangazi zake wanatajana kwa majina na kuambiana maneno ambayo mtu wa nje hapaswi kuyasikia. Nilizigeuza mbele yake, mtandao nimeuzima, nikazifuta kwenye kompyuta yangu huku anaangalia. Mafaili ya watu ni amana.

Dukani sasa kuna folda liitwalo ASILI. Chochote kinachoingia kinanakiliwa humo kwanza, na hakiguswi mpaka mwenyewe aone kazi yake, aisikilize, aseme sawa. Kijana wangu mwanzoni aliona namchelewesha. Nikamsimulia habari ya mama wa Chumbageni.

Mama huyo alirudi mwaka 2021. Nilimtambua kabla hajavuka mlango, nikasimama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Alikuja na binti yake, yule biharusi, sasa ana watoto watatu. Shoga yake aliyehamia Maskati alikuwa amepekua simu yake ya zamani, akakuta kipande cha siku ile. Haikuwa video ileile. Yeye alirekodi kwa upande, na alianza mzee akiwa ameshafika katikati ya maneno yake. Dakika moja na nusu. Alikuwa ameituma kwa WhatsApp kama video, ikafika imebanwa tena. Nikamwomba binti ampigie, amwombe aitume kama hati ili ije ilivyo. Ikaja, megabaiti moja na kitu.

Nikaiweka kwenye ASILI, kisha nikaitupia MediaInfo. Kasha la 3GP, picha H.263, upana 176, urefu 144, sauti AMR, ile ya kupigia simu. Hapakuwa na ujanja wa kuhamisha kasha, TV haisomi H.263. Nikaibana kwa H.264, namba ya ubora nikaiweka chini kabisa ya ninayotumia, sauti AAC, ukubwa wa picha sikuugusa. Kazi ya sekunde tatu. Nikachomeka kwenye TV ya dukani.

"Mbona ndogo hivi?" binti akauliza, akimaanisha haioni vizuri, miraba miraba. Nikamweleza kwamba simu ilichukua hivyo, na nikiikuza nitakuwa nabuni sura isiyokuwepo.

Mama alikuwa hatusikilizi. Alikuwa amesogeza kiti karibu na kioo. Mzee akakohoa, akaendelea kusema.

"Alikuwa na mafua siku ile," akasema. "Irudishe nyuma kidogo, mwanangu. Na uongeze sauti."